Chenga

Kabla mitambo ya zamani haijazimwa,
kabla kila sebule ya Kayole haijadaiwa king'amuzi,
mama alikuwa na kijiduka Luthuli, ghorofa ya pili,
nyuma ya wauza spika.
KWAMBOKA ELEKTRONIKI, kwa rangi nyekundu,
herufi ya mwisho imekosa nafasi ukutani
ikakunjwa chini kama mkia.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kushika antena.
"Kushoto. Kidogo. Umepitiliza."
Na kioo kinachemka, weupe juu ya weusi,
mchanga uliokataa kutulia.
Chenga, alisema,
kwa sauti ile ile aliyosemea za mchele:
vunjikovunjiko, vya kupepetwa, vya kuku.

Leo najua. Si zote, usiniongezee chumvi;
katika kila mia, labda moja
ilikuwa nuru kongwe kuliko nyota yoyote,
iliyofunguliwa pale ulimwengu
ulipotimiza miaka laki tatu na elfu themanini,
ukungu wa moto ukatanzuka
na mwanga ukaona pa kupita.
Miaka bilioni kumi na tatu na ushei iko njiani,
inanyooka, inapoa,
mpaka nyuzi tatu kasoro juu ya baridi isiyo na chini,
ije kufia kwenye Greatwall iliyopasuka pembeni
ya mteja wa Umoja,
nami naambiwa nisogeze mkono iondoke.

Siku hizi nina meza Chiromo.
Nyota siziangalii; nani anaziona Nairobi?
Naangalia mistari.
Nuru ya galaksi imepasuliwa, imeanikwa rangi kwa rangi,
na pale sodiamu ilipomega fungu lake
pana mistari miwili myeusi, imebanana
kama mapacha kwenye kanga moja.
Rangi iliyomegwa naijua:
ndiyo iliyomwagika usiku kucha Barabara ya Jogoo
kabla taa hazijabadilishwa.
Pacha wale wale, nafasi kati yao ile ile kwa hesabu,
ila wamesukumwa kuelekea wekundu
kwa kuwa galaksi yao inakwenda zake.

Sodiamu haina lahaja.
Huko kusikofikiwa na jina
inatamka neno lile lile la chumvi ya jikoni kwetu.
Askari wa kanjo alikuwa na sheria ya asubuhi
na sheria ya jioni, na mama akazilipia zote mbili.
Atomu haijui mlungula.

Ila pana doa, nalo haliniachi nilale.
Kasi ya kutanuka:
ipime kwa ile nuru kongwe, sitini na saba.
Ipime kwa nyota zinazolipuka huku karibu, sabini na tatu.
Watu wamerudia. Wamerudia tena.

Jumapili nikamweleza mama, sinia mapajani,
kidole chake kinasukuma mawe ukingoni.
"Mita mbili?" akauliza.
Mbili.
"Mimi zikitofautiana nilibadilisha betri."
Walishabadilisha.
"Na bado?"
Bado.
Akapuliza sinia, makapi yakaruka.
"Basi kuna waya humo ndani hamjauona.
Msiifunge."

Nikanyamaza. Jirani alikuwa anapiga pasi,
stima ikapungua, ikarudi.
Nikamwambia na lile lingine, la chenga,
la ile moja katika mia.
Mkono ukasimama juu ya mchele.
Nilidhani atacheka, au atamtaja Mungu.
Akahesabu kitu kwa midomo, muda mrefu,
kama anayetafuta stakabadhi ya zamani.

"Shilingi mia mbili," akasema.
"Mia mbili kila mmoja niliwatoza
niwaondolee."